Airisi za Mwalimu Jepkoech

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Nimechungulia tena kwa jirani. Mwalimu Jepkoech, mstaafu, ana bustani ya maua, airisi zinazonifika kifuani! Hakuna kama hizo Kibomet nzima. Zambarau iliyokolea, na kila petali la chini lina kandevu ka rangi ya chungwa. Chai yangu imeungulia jikoni. Nimepiga picha, nikamtumia dada Phelista kule Bungoma. Nikaandika: zangu hizi.

Jumanne, 7 Oktoba
Phelista kapiga simu akilia. Ati mama angezipenda. Anakuja Jumamosi achukue mche akapande kaburini kwake. Nikasema karibu. Ningesema nini?

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeomba mbegu. Mwalimu hana uchoyo! Kang'oa kipande kinene kama tangawizi, akaonya nisikifukie chote, mgongo uote jua. Maua mwaka ujao. Mwaka ujao! Na mgongo nje? Kuna siri anaficha. Nimekifukia futi moja, samadi mbichi ndoo mbili, maji mara tatu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimefukua. Kimelainika kama ndizi iliyooza. Harufu! Mpango wa pili: nimemwomba Mwalimu maua matano, ati ya kanisa. Kanikatia marefu kuliko yote. Nimeyachomeka udongoni, safu moja. Yanapendeza, bana!

Jumamosi, 11 Oktoba
Phelista amefika. Akashika mdomo. Akapiga magoti, akavuta ua moja. Likatoka bila mzizi. La pili vilevile.
"Wabwile, haya umepanda ama umedunga?"
Mwalimu alikuwa kwenye fensi, anaona yote. Hakutaja kanisa. Alimwita Phelista, akamsikiliza habari za mama, akamng'olea vipande vitatu vya zambarau na kimoja cha nyeupe. Akamwonyesha jinsi ya kupanda, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mtu gani mzuri hivi? Nilifuta macho. Nikasema ni vumbi.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimetubu kanisani, kwa dhati. Kutoka nje, pasta alikuwa anasifu waridi za mlangoni, akauliza nani amezipogoa. Ni Gicheru, mtunza bustani wa kanisa, lakini alikuwa ameshaenda nyumbani. Nikasema tulisaidiana.
Basi pasta kaniomba: Jumatano napogoa waridi za nyumbani kwake. Sijawahi kushika mkasi wa kupogolea. Lakini si ni matawi tu? Itakuwa ngumu aje?