Mabua Mabichi Kuliko Mierezi

Jumatatu, 11 Agosti 1890

Umoja wa Wakulima tumekutana shuleni. Nilisimama mlangoni, kifua mbele. Jumamosi tunaandamana hadi mjini, na kila gari la farasi lipambwe kwa matawi ya mti usiokauka. Sababu: vyama vile viwili vikubwa vya siasa bado vinagombania vita vya baba zetu, mambo yaliyokwisha kufa na kuzikwa. Mambo yetu ni mabichi: reli inayomeza mavuno, benki inayomeza shamba. Gari bichi kuliko yote litatangulia, na litambeba Lavina Tolliver, atakayehutubia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nikatangaza kwamba gari hilo ni langu. Orrin Gault akauliza kama nitalipamba kwa maneno. Watu wakacheka. Orrin ana meno mengi kuliko akili.

Jumanne, 12 Agosti

Tatizo dogo. Kansas hakuna miti. Orrin ana mjomba mwenye mierezi kule mtoni. Huku kwetu ipo sita tu, yote ya jirani yetu Mama Dahl, mjane aliyetoka Norwe. Nikaenda kwa heshima, kofia mkononi, nikamweleza kuwa historia inamwomba matawi. Akasema historia hakuiona mwaka wa nzige, alipokuwa akiimwagilia miti hiyo kwa ndoo kutoka kijitoni, maili nzima, na mimba ya miezi saba. Kisha akanikatia mkate wa mahindi. "Lafe mwanangu, ukigusa mti wangu nitakutundika juu yake."

Mkate ulikuwa mtamu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekata mierebi ya kijitoni. Kufika saa sita mchana imejikunja kama masikio ya mbwa aliyepigwa. Iliyobaki imeliwa na ng'ombe.

Alhamisi, 14 Agosti

Akili ya kina Pruitt hailali. Shamba letu limejaa mabua ya mahindi, yamekufa yakiwa yamesimama, maana mvua hatujaiona tangu Juni. Na stoo ya shule ina unga wa rangi ya kijani, uliobaki walipopaka milango. Inatakiwa uchanganywe na mafuta ya kitani. Hatuna. Tuna mtindi. Mafuta yanamiminika, mtindi unamiminika. Sikumaliza darasa la sita, lakini hilo naliona.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepaka mabua mia mbili. Nzi wa wilaya nzima wamekuja kuniunga mkono.

Lavina alipita. Akauliza harufu ile ni ya nini. Nikamwambia mierezi ya Lebanoni ndivyo inavyonukia. Hakucheka. Alisema hajalala siku mbili. Wazee wa Umoja wameshamwambia wazi: akigugumiza kesho, hakuna mwanamke mwingine atakayepandishwa jukwaani. Nikamtuliza, yeye asimame tu, gari langu litasema. Akanitazama muda mrefu. Nadhani ni mapenzi.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeshinda, tena kwa mbali. Wazee walilitazama gari langu kutoka hatua thelathini, wakasema halina mpinzani. Wazee wetu macho yao si mazuri. Lavina akapanda, na wanakwaya kumi na mmoja wamevaa nyeupe, Mama Dahl akiwa mkubwa wao. Orrin nyuma, anakula vumbi langu.

Tulipoingia uwanja wa mahakama, ikanyesha. Wazee walivua kofia wakalia kwa furaha. Mimi nililia kwa sababu nyingine. Kijani kilikuwa kinashuka. Lavina alipoinuka, magauni yote yamekuwa kama malisho ya ng'ombe, na mabua yamebaki mabua. Barazani kwa benki mabwana walishikana mabega kwa kicheko. Mmoja akapaza sauti kwamba siasa za wakulima zinachuja mvua ya kwanza tu.

  Naomba ardhi inimeze, nayo ardhi inakunywa maji, haina nafasi.

Mara Lavina akashika pindo la gauni lake, akalikamua mbele ya watu wote. Maji yakatoka meupe. Kijani kikabaki kwenye nguo.

"Yaliyochuja ni mabua, baba," akamwambia yule bwana. "Hii imeshika. Haya, lete sabuni ujaribu."

Uwanja ukalipuka. Akaendelea saa nzima, bila karatasi, bila kugugumiza hata neno. Wazee walimpigia makofi wakiwa wamelowa chapachapa. Nikamwambia Orrin kuwa niliyapanga yote. Ameziba pua, akasogea.

Jumapili, 17 Agosti

Nimehukumiwa kufua magauni kumi na mawili. Rangi haitoki. Lavina alisema kweli.

Mama Dahl alikuja na mkono nyuma. Nikafunika kichwa. Kumbe ameshika mche wa mwerezi ndani ya kopo, urefu wa shubiri moja. Akaniambia niupande, niumwagilie ndoo moja kila siku, na baada ya miaka kumi nitakuwa na tawi langu mwenyewe, nisihitaji kudanganya watu. Aliniachia na mkate. 

Lavina naye ameitwa kuhutubia wilaya ya jirani mwezi Oktoba. Anataka mimi ndiye niendeshe gari, mradi kijani kiwe cha kweli. Nimeapa kwa mkono juu ya mche.

Jioni nimeupanda, nikaumwagilia, nikahesabu matawi. Matatu. Oktoba iko karibu.

Mabua bado yapo tele. Na kosa nimeligundua: mtindi ulikuwa mwepesi. Safari hii natumia siagi.