Mpango wa Sumu Mezani kwa Lurleen

"Jamani, mji wa jirani kumeungua!" Redio alisema kabla hata hajakalia kiti. Jina lake hasa ni Emmett, mstaafu wa posta, habari haikai kinywani mwake hata uigandishe kwa gundi. Akalitandaza gazeti juu ya donati za watu. "Ghala la taka za sumu. Zimamoto wamefika, hawajui mapipa yana nini, wakamwaga maji. Wawili wako hospitali, mapafu yameungua."

"Masikini," alisema Lurleen, mwenye mgahawa, akimimina kahawa. "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji."

"Kwangu usitie!" Kromu akaruka. Jina lake Verlon, msimamizi wa dharura kwenye kiwanda cha kupaka vyuma kromu, kile cha ng'ambo ya barabara. "Sumu ya sianidi huku, asidi kule. Maji yakizikutanisha, moshi wake haukupi nafasi ya kuaga. Nimeandika yote kwenye mpango wa dharura, nikawakabidhi zimamoto kama sheria inavyotaka."

"Ulimkabidhi nani?" Redio akauliza, na anajua.

Macho yote yakamgeukia Delbert, mkuu wa zimamoto wa kujitolea. Delbert alikuwa anaikagua donati yake kama vile ndiyo iliyomshitaki.

"Nilipokea," akasema. "Kila mwaka napokea, hapahapa. Natia sahihi."

"Na kusoma?"

"Kurasa arobaini, Redio! Mimi hata karatasi ya dawa ya presha namwachia mke wangu."

"Mkuu huyo! Nyumba ikiungua atasubiri asimuliwe!"

Wakaangua kicheko. Delbert naye akacheka, kisha akairudisha donati kwenye sahani. Jumamosi tu alimvisha binti yake Trudy helmeti ya zimamoto kwa mikono yake mwenyewe. King'ora kikilia, Trudy ndiye wa mbele na mpira wa maji. Na nani atamwambia amwage? Baba yake.

"Kromu, niletee huo mpango."

"Nakala iko garini. Ila, Mkuu, usiutegemee sana."

"Kwa nini?"

"Mwaka huu nilibadilisha tarehe tu. Mtu wa kupigiwa simu bado ni Hershel."

"Hershel yupi? Yule tuliyemzika?"

"Namba yake haijabadilika."

"Atapokea malaika!" Redio akapiga meza. "Na wafanyakazi wakitoka mbio, wanakusanyika wapi?"

Kromu akakuna shingo. "Hapa kwa Lurleen."

Lurleen akatua birika. "Hapa? Ambapo harufu ya kwenu inafika asubuhi kabla ya mkate?"

"Kuna kahawa," Kromu akajitetea kwa sauti ndogo.

"Basi," Redio akahesabu kwa vidole, "balaa likija saa hizi, mkuu yuko hapa, msimamizi yuko hapa, waliokimbia wanakuja hapahapa. Tutafia meza moja kama nzi kwenye sharubati!"

Safari hii hakucheka mtu. Kromu akaenda garini, akarudi na mpango. Wakagawana kurasa. Kromu akaomba kalamu, akamfuta Hershel. Delbert alivaa miwani, akaanza kusoma kidole kikiwa chini ya mstari, midomo ikicheza kama mtoto wa darasa la kwanza.

Trudy akaingia kuchukua kahawa yake. Akaona vichwa vimeinama, hata Redio kanyamaza. Akavua kofia taratibu.

"Baba, nani kafa?"

"Bado hajafa mtu, mwanangu," Lurleen akamjibu. "Ndiyo maana wanasoma."