Mtungi Uliofungwa kama Ndama

Jumatatu, 2 Februari
Leo nimepika sato kwa jiko la gesi, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine mfukoni. Mchuzi umesimama. Jirani kanusa, kameza mate.

Haya, si kweli. Sato kampika huyo huyo jirani, Mzee Mutayoba, karani mstaafu, Mhaya wa maneno mengi, kwa jiko lake la umeme la kioo. Mimi nilichangia samaki na njaa. Kisha nikaweka sahani juu ya jiko langu, nikapiga picha, nikamtumia binti yangu Wilhelmina aliyeolewa Misungwi. Kajibu: hongera baba.

Nimepumua. Mama yake yuko Sengerema, analea mjukuu mchanga mpaka Pasaka. Alipoondoka tu, mvua ikanyesha, nikaingiza jiko la mkaa chumbani nipate joto. Majirani wakanikokota nje nimelegea kama mlenda. Wilhelmina akalibeba jiko la mkaa, akaniletea la gesi. Kasema Jumapili anakuja kuniona nikipika kwa macho yake. Nikishindwa, nahamia kwake.

Kwake maana yake kwa mkwe! Msukuma mzima, nikutane na mkwe koridoni alfajiri, mimi na taulo, yeye na mswaki. Bora nikalale mawe ya ziwani na mijusi.

Jumanne, 3 Februari
Mpango: Mutayoba apike wiki nzima, mimi nipige picha.

Mpango umekufa. Nilipoingia jikoni kwake, jiko lilikuwa limezimwa. Halina moto, halina moshi, linang'aa kama meza ya askofu. Nikaweka kofia yangu juu yake. Kofia ya sherehe, ya sufu! Ikaanza kutoa harufu ya kondoo. Mutayoba akapiga kelele kwamba kioo kinabaki na moto hata kikizimwa, na ndiyo maana kuna kitaa chekundu. Nikamwambia kitaa nilikiona, nilidhani ni pambo. Kajibu kwamba hata kichwa changu ni pambo.

Nimefukuzwa. Kofia ina tundu. Nikiivaa, upara unachungulia.

Jumatano, 4 Februari
Nimepika mwenyewe! Nusu.

Jiko liliwaka vizuri, ila moto ulikuwa mdogo, wa bluu, kama wa mgonjwa. Nikafanya anavyofanya kila mtu mwenye akili: nikaupuliza ukolee. Ukazimika. Nikawasha, nikapuliza. Ukazimika. Gesi haina shukrani. Nikanywa uji mbichi.

Jioni Wilhelmina kapiga simu. Kaniuliza kama nakumbuka jambo kubwa kuliko yote: baba, ukimaliza kupika, funga mtungi. Nikaapa nitafunga. Kasisitiza: funga kabisa, baba, usiniue kwa presha.

Nimefunga. Nimetafuta kamba ya katani, nimeufunga kwenye nondo za dirisha kwa fundo la baba yangu, lile la kufungia ndama mkorofi. Mwizi aje ajaribu.

Alhamisi, 5 Februari
Jikoni kunanuka. Kama yai viza, kama kitunguu kilichooza. Nimemtambua mhalifu haraka: Josepha, mke wa Mutayoba, kaanika dagaa ukutani. Nikaenda kumwambia aondoe mizoga yake. Kanijibu shikamoo mzee, kisha akanitukana kwa Kihaya, kwa upole, muda mrefu. Huyu mwanamke juzi tu nilimtolea kuku wake kwenye pipa la maji! Akaahidi siku moja atanilipa wema. Leo kasahau.

Ijumaa, 6 Februari
Dagaa wameanuliwa. Harufu ipo. Kumbe mhalifu yumo ndani!

Nikachukua kiberiti nimulike nyuma ya jiko nimwone. Njiti ilikuwa mkononi Mutayoba alipoingia, amekuja kunisema kuhusu heshima ya mkewe. Akavuta pumzi mara moja. Sijawahi kumwona mstaafu akiruka vile. Akaninyang'anya kiberiti, akanisukuma nje, akafungua madirisha yote, akanikataza hata kugusa swichi ya taa. Kisha akazungusha kitu juu ya mtungi, chap, akasema huku ndiko kufunga.

Nikamwambia nimefunga tangu Jumatano. Akaitazama kamba. Akalitazama fundo. Akaniuliza kama niliogopa mtungi utaenda malishoni.

Harufu ilipoisha, akafungua gesi kidogo, akapaka maji ya sabuni kwenye mpira unaotoka mtungini kwenda jikoni. Sabuni ikatoa mapovu pale penye ufa. Akafunga tena. Kasema kwa kiberiti changu tungeupata ufa huo huo, ila tungeupatia kisiwani Ukerewe, tumerushwa.

  

Jumapili, 8 Februari
Wilhelmina kafika na bakuli la njugu mawe na jicho la polisi. Kaona mpira wenye ufa, kanikataza kuwasha. Kanihoji kwa mdomo badala yake. Dirisha? Wazi. Harufu? Nisiwashe kitu, nitoke. Nikimaliza? Nafunga mtungi. Nikamwonyesha, chap.

Akaiona kamba.  Mutayoba, aliyekuja kunusa njugu, akasema ni ya wezi, eti mtaa umeharibika. Wilhelmina akanitazama, akamtazama, akacheka. Kasema nibaki nyumbani. Jumatano anakuja na mpira mpya, yeye na mumewe. Mpaka hapo nisiguse jiko.

Nimeshinda! Sasa mimi ni mtaalamu wa gesi.

Jumatano, 11 Februari
Mtaalamu hasubiri mpira. Asubuhi nilitaka chai tu. Ufa nikaufunga kwa kitambaa, maana kufunga ni kufunga. Gesi ikaonekana kukaribia kuisha, moto ukawa wa kunung'unika. Nikaulaza mtungi ubavu, kama ng'ombe anayekamuliwa tone la mwisho.

Ukatoa. Moto mrefu, wa njano, mara moja. Nimefunga chap, jikoni salama, nyumba salama. Nyusi hazipo. Zote mbili.

Wilhelmina kapiga simu: wameshapita Usagara, wako karibu kufika, na mkwe anakuja na mswaki, ikibidi alale.

Nachana ukurasa huu. Wewe mtoto wa jirani, mpelekee Josepha karatasi hii mbio. Josepha mwanangu, unamkumbuka kuku wako wa pipani? Naomba wanja wako, na mkono wako usiotetemeka. Nichoree nyusi mbili tu. Za kiume, si zile za harusini.