Nimonia Yangu ya Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 7 Julai 2025
Balaa! Adeer Dualeh, ndugu wa marehemu baba, ameamua niende Sericho kuchunga ngamia wake. Sericho! Maji shida, mtandao shida, mimi shida. Binamu yangu Mohamud akachekelea, eti ngamia watanipenda, tunafanana midomo. Nikakumbuka redio jana ilisema nimonia ni hatari sana. Hatari ya nini sikusikia, nilikuwa nikigeuza chapati. Nikatangaza kwamba nina nimonia. Mama akaketi chini. Neno tamu kweli.

Jumanne, 8 Julai
Mgonjwa lazima aumwe mahali. Nimechagua mguu wa kushoto. Nimechechemea hadi chooni na kurudi. Mohamud akauliza kama nimonia ni ya mguu. Nikamjibu huanzia hapo, kisha hupanda polepole. Mama amenikanda kwa samli. Nanuka kama sufuria. Dada yangu Hamdia hakunipa hata pole, ati mtoto wake Sagal anakohoa. Nikamwambia asishindane na mimi.

Jumatano, 9 Julai
Mama amenikokota hospitali. Hamdia naye akajipenyeza kwenye tuktuk na mtoto, ati apewe dawa ya kikohozi. Nesi Judy akaniuliza naumwa wapi. Nikanyoosha mguu, nikasema nimonia. Akawaita wenzake waje waone! Akanieleza, akijifuta machozi, kwamba nimonia ni ugonjwa wa mapafu: viini huingia, vifuko vya hewa vinajaa maji na usaha, pumzi inakosa nafasi. Mguu haupumui, kaka.

Ghafla akaacha kucheka. Alikuwa akimtazama Sagal. Akamfunua kifua. Kila akivuta pumzi, mbavu za chini zilibonyea ndani, haraka haraka. “Hii sasa ndiyo nimonia,” akasema, akamchukua mbio. Hamdia akalia. Nilisimama kwa miguu yote miwili na hakuna aliyegundua.

Alhamisi, 10 Julai
Sagal yuko kwenye oksijeni. Mpira puani, sindano mkononi. Mkono wenyewe mdogo kuliko kidole gumba changu, au ndivyo nilivyouona. Nimeswali bila kuomba chochote changu. Hamdia amelala begani mwangu. Sikusogea, hata bega lilipokufa ganzi.

Jumamosi, 12 Julai
Alhamdulillahi! Sagal amenyonya, amelia, amenipiga kofi. Judy anasema tungechelewa tungemkosa. Mama anawatangazia majirani kwamba mguu wangu umeokoa mtoto. Mohamud ameniletea chai kwa mkono wake. Raha!

Adeer Dualeh akaja na maziwa ya ngamia, akanishika mkono, akanishukuru kwa machozi. Halafu akasema lori la Sericho linaondoka kesho alfajiri, na shujaa kama mimi atakaa mbele na dereva.

Nimemweleza kwa masikitiko kwamba nina anemia. Nililisikia neno hilo wodini. Sijui ni ya wapi hasa, lakini nimeshaziba sikio la kulia kwa pamba.