Buti za Babu Sajenti

Jamani, nawaambia mwenyewe kabla video haijawafikia. Leo nimedhalilika stendi ya Newala, mchana kweupe, mbele ya mama yangu mzazi.

Wengi mnajua nimechaguliwa kwenda jeshini. Mimi, Rehema wa Mkunya, niliyekuwa nazimia kwenye mchakamchaka wa shule. (Msiniulize walinichaguaje.) Tuliambiwa tufike kambini na buti nyeusi. Sasa tatizo ni mguu wangu. Navaa namba arobaini na tatu. Naamini Mungu aliumba miguu kwanza, mtu akaja kama nyongeza. Nimezunguka maduka yote ya Newala na jibu lilikuwa moja: "Dada, ya kike ya hivyo haijatengenezwa."

Leo asubuhi akaja jirani yetu, Babu Sajenti. Jina lake halisi hata mama halijui vizuri. Alikuwa mwanajeshi, akastaafu, sasa analima korosho zake kimya kimya. Leo alikuwa amependeza: suruali ina mstari wa pasi, koti, na viatu vya kahawia alivyoletewa na binti yake sikukuu ya Idi. Kwapani ana kitu kimefungwa kwa khanga.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, kuruta."

Akafungua khanga. Buti! Nyeusi, zimepigwa rangi zikang'aa mpaka nikaiona pua yangu. (Sikufurahi kuiona, lakini niliiona.)

"Nilistaafu nazo hizi," akasema. "Nina watoto wa kiume, nilimwomba kila mmoja aingie jeshini. Wote wakakimbilia Dar es Salaam. Nikasema basi, mtanizika nazo. Kumbe zilikuwa zinakusubiri wewe."

Mama akaanza kufuta machozi. Nikazivaa pale pale. Zilinienea kama nimepimiwa! Babu naye akageuka kuangalia mikorosho, kana kwamba imemwita.

Kisha akanishika bega. "Lakini nisikilize. Zimelala kabatini muda mrefu. Leo tembea nazo kistaarabu. Ukifika Masasi, mpe fundi azishone kwanza. Usizipigishe chini."

"Sawa, Babu."

Nilisema sawa. Kwa mdomo wangu huu.

Tukafika stendi. Mama ametua chini beseni lake la ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya kwetu, zawadi ya mjomba wangu wa Masasi. Shangazi na majirani wanapiga vigelegele. Babu anamsimulia kila anayepita, "Mnaona buti zile? Zangu zile!" Sijawahi kumwona akiongea kiasi kile. Hata muuza vocha alisimuliwa.

Ningepanda gari hapo, hadithi ingeishia hapo. Lakini kuna kijana wa bodaboda anaitwa Hamisi, nilisoma naye. Juzi alitangaza kijiweni kwamba nitatoroka kambini kabla sijaoga mara ya pili. Leo akapiga honi.

"Afande Rehema! Tuoneshe gwaride basi, au hizo buti umeazima za harusi?"

Watu wakacheka. Damu ikanipanda.

Mama akasema, "Achana naye." Babu akasema, "Rehema." Jina tu, taratibu. Nikajifanya sijasikia.

Nikajipa amri mwenyewe. "Mguu sawa!"

Nikanyanyua goti mpaka kifuani, nikashusha mguu kwa nguvu zote za ukoo wetu. PUU! Vumbi jekundu likatimka. Stendi nzima ikashangilia. Nikajisikia jenerali.

"Nyuma, geuka!"

Mimi niligeuka. Soli ya kushoto haikugeuka. Ilibaki imeelekea Masasi, mimi nimeelekea Newala mjini. Nikajaribu kujizuia kwa mguu wa kulia, nayo soli ya kulia ikamomonyoka kama mkate wa juzi. Nikayumba. Nikarusha mikono. Nikakaa.

Kwenye beseni.

Ndiyo, lile lile. Ming'oko ilikuwa bado ya moto, ndugu zangu. Sitaeleza zaidi.

Stendi ililipuka kwa kicheko. Kondakta aliinama akashika magoti. Shangazi yangu wa damu alijifunika uso kwa mtandio, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Hamisi anarekodi!

Hicho chote ningekivumilia. Kilichonimaliza ni Babu. Hakucheka. Alikuja polepole, akainama kwa shida, akaokota kipande cha soli. Kikasagika kati ya vidole vyake.

"Nimekuaibisha, mjukuu wangu," akasema. "Nisamehe. Nilipaswa kuzikagua."

Yaani yeye ndiye anaomba msamaha! Nilitamani ardhi ya Makonde ipasuke nizame nitokee Msumbiji.

"Babu, hapana. Uliniambia nisizipigishe. Nimeziua mimi kwa kiherehere changu."

Akatikisa kichwa. "Basi zimefia kazini. Simama. Askari hakai kwenye chakula."

Nikasimama, ming'oko inadondoka. Babu akakaa kwenye benchi la wasafiri, akaanza kufungua kamba za viatu vyake vya kahawia.

"Babu, usifanye hivyo! Hivyo umeletewa na dada!"

"Atanielewa. Vaa."

"Siwezi, Babu, tafadhali."

Akanyoosha mgongo. Sauti ikabadilika kabisa. "Kuruta! Vaa viatu!"

Nikavaa. (Mama akanifunga kamba kama mtoto wa chekechea.)

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Babu akasimama kwa soksi, na ile ya kulia ina tundu, kidole gumba kimechungulia. Gari likawashwa. Nikiwa dirishani nikamwona amekaza mwili, amepiga saluti, vumbi linampiga usoni. Nikajibu saluti kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto, jamani! Hata hilo nikaliharibu.

Nililia njia nzima. Jirani yangu kwenye kiti akadhani nimefiwa, akanipa pole na ndizi.

Sasa nipo Masasi kwa mjomba, kesho naripoti kambini. Mama amepiga simu, anasema Hamisi alimpandisha Babu kwenye bodaboda mpaka mlangoni, bila utani hata mmoja njiani. Nimeomba nizungumze na Babu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikaishia kulia tena.

"Viatu havikubani?" akauliza.

"Havibani, Babu."

"Basi nenda kalale. Kesho usichelewe."

Naomba asicheke mtu. Na kama ni lazima ucheke, cheka leo, kabla sijafundishwa kulenga shabaha.