Bunge Limetuibia Visingizio Vyetu Mafundi Cherehani

Mheshimiwa Spika,

Kwanza nakupa pole na hongera. Pole kwa kazi ya kuwaamuru watu wazima wakae chini, na hongera kwa kuwa wamekaa kweli kweli, huu mwezi wa kumi na tisa tangu tupige kura ya bendera. Sisi huku hatujambo, ila hatusemezani.

Mimi ni fundi cherehani. Duka letu liko nyuma ya ofisi za ardhi, mlango wa bluu, kati ya kinyozi na muuza betri. Alilifungua marehemu baba, na enzi zake ndiye aliyeshona bendera za ofisi zote za serikali za mji huu. Sasa tumebaki wawili: kaka yangu anakata, mimi nashona. Yeye mtaani wanamwita Mkasi. Mimi wananiita Fundi Kesho, na jina hilo nimelitolea jasho kwa miaka ishirini na sita.

Naandika kwa heshima zote kulalamika kwamba Bunge lako limetuibia sisi mafundi visingizio vyetu, linavitumia ovyo bila kufundishwa, na limeviharibu kiasi kwamba wateja hawavikubali tena. Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Tarehe. Tuliulizwa kwa kura ya maoni kama bendera ya taifa ibadilishwe. Ndiyo ikashinda kwa kura chache mno, hata zikawepo nyumba ambazo sebuleni wanashangilia na jikoni wanalia. Mkatutangazia kwamba Bunge litatunga sheria ya kutekeleza matokeo katika kikao kile kile. Kikao kikaisha, mkasema kijacho. Mheshimiwa, hiyo ni Ijumaa yangu. "Njoo Ijumaa" ina utaratibu wake: unaisema huku umebana pini mdomoni, umemtazama mteja usoni, na kitambaa chake anakiona rafuni. Ninyi mnaisema mmevaa tai, hata chaki hamjashika. Wiki iliyopita nilimwambia muuguzi mmoja aje Ijumaa, akaangua kicheko. "Fundi, usiniletee Bunge hapa," akasema, akabeba kitambaa chake akaenda. Mteja wa miaka tisa huyo!

2. Kupima upya. Mteja akija kuulizia nguo ambayo sijaigusa, humwambia asimame nimpime tena kwa kuwa naona amenenepa. Ni kisingizio cha heshima, nimekirithi kwa baba, na kwa nguo moja hutumika mara moja tu. Ninyi mkaunda kamati ya kupima upya maana ya Ndiyo. Eti je, wananchi walitaka kubadilisha rangi zote au rangi moja? Na wale wa Hapana, je, walikataa bendera mpya au waliogopa tu kupanda ngazi kuishusha ya zamani? Kamati ikazunguka nchi nzima na futi mkononi, ikarudi, ikasema inahitaji kamati ndogo. Sasa mwalimu mkuu wa shule ya jirani amekuja kuulizia suti yake. Nilipochomoa futi tu, akakunja mikono kifuani. Akasema yeye alishapimwa, na jibu lake liko wazi.

3. Umeme. Mlisema mitambo ya kupigia kura humo ndani imeharibika. Kunyoosha mkono hakuhitaji umeme, Mheshimiwa. Cherehani yangu mimi ni ya kukanyaga kwa miguu, na kisingizio cha umeme nakitumia vilevile, lakini angalau huwa naona haya.

4. Kaka. Hapa naomba uniwie radhi, nitaandika kama mtu na si kama fundi. Kaka alipiga Hapana. Baba alimfundisha kushona kwenye pindo la bendera hii hii ya zamani, na yeye haoni sababu ya kutupa kitu ambacho hakijachanika. Mimi nilipiga Ndiyo kwa sababu za kitaalamu: ile rangi ya pembeni inachuja ikifuliwa. Matokeo yalipotoka nikacheza mpaka barabarani, kisha nikarudi ndani nikamtolea kaka maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Mama akatuweka chini. Mbele yake tukakubaliana tutundike pazia dukani na tusisemezane mpaka Bunge liamue. Sheria ikipita, kaka atashusha pazia na yaishe. Bunge likikataa, nitalishusha mimi na kumwomba radhi. Tulidhani ni wiki tatu.

Pazia lenyewe tulilitundika katikati ya duka. Upande wake una mlango wa mbele na meza ya kukatia, upande wangu una cherehani na rafu. Wateja wote hupitia kwake, na akishakata, kazi hupenya chini ya pazia bila neno. Ndivyo bwana harusi mmoja alivyoingia ukumbini amevaa suruali yenye mguu mmoja wake na mwingine wa msimamizi wake, ambaye ni mtu mrefu sana. Nyumbani mama hula amekaa katikati yetu, na anayetaka chumvi humwomba yeye, naye anasema amechoka kuwa posta. Mheshimiwa, nimemkumbuka sana kaka yangu, na yuko hatua mbili tu kutoka hapa ninapoandikia. Asubuhi namsikia akikohoa, nataka kumuuliza kama amekunywa dawa. Siwezi, maana mswada haujasomwa.

5. Fundi. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimesoma kwenye gazeti la juzi kwamba mswada hauwezi kusomwa mara ya pili kwa sababu kielelezo cha bendera mpya hakijawekwa mezani, na hakijawekwa kwa kuwa "fundi aliyekabidhiwa kazi hajaileta." Fundi! Mmemaliza visingizio vyetu, sasa mnatusingizia sisi wenyewe. Kama fundi huyo hayupo, semeni kweli mpumzike. Kama yupo, basi kuna mtu mmoja amewakalia wananchi wote kichwani, amewagombanisha ndugu, amewanyima mama zao raha ya kula, na yeye amejikalia zake anapiga soga. Mtu wa namna hiyo anyang'anywe mkasi. Picha yake ibandikwe kila duka la vitambaa ili asiuziwe hata uzi wa kushonea kifungo. Nami niko tayari kuja kutoa ushahidi dhidi yake nikiwa nimeapa.

Kwa hayo yote naomba Bunge zima lijiandikishe katika chama chetu cha mafundi, na kila mbunge ashone vifungo kwa miezi sita kabla ya kuruhusiwa kutamka "bado kidogo." Likiona tabu, basi tubadilishane majengo. Sisi tuhamie humo, maana kuchelewesha tumesomea na viti vyenu vinaonekana laini. Ninyi hamieni dukani kwetu, mkutane uso kwa uso na mama wa bibi harusi asubuhi ya harusi, gauni halina mikono. Nakuhakikishia mtajifunza kutekeleza kabla ya saa nne.

Nisalimie Katibu wa Bunge, wabunge wa Ndiyo, wabunge wa Hapana, na wale wanaotoka nje kunawa mikono kura inapoitishwa. Mama anakusalimu pia. Kaka angekusalimu, lakini siwezi kumuuliza.

Wako katika kusubiri kisichoisha,
Fundi Kesho

N.B. Barua ilipokuwa imekwisha nilivuta vitu rafuni nikitafuta bahasha, nikakuta chini kabisa furushi lililopenya zamani chini ya pazia, ambalo nilidhani ni mashuka ya hospitali. Kumbe lina muhuri wa Bunge, na kando yake zipo barua tatu za Katibu zinazouliza kazi imefikia wapi, nilizokuwa nazitupia hapo bila kuzifungua. Inaelekea mjumbe wenu alilipitisha mlango wa mbele, kwa kaka, wiki ya pili baada ya kura. Bendera mpya yote imekatwa, kila rangi mahali pake, mistari imenyooka kuliko kazi yoyote niliyowahi kuona mkononi mwake. Juu yake kuna karatasi yenye tarehe ya siku ile ile, kwa mwandiko wa kaka yangu aliyepiga Hapana: "Nimeongeza inchi mbili za pindo, upepo wa mlingotini ni mkali. Ishone upesi, mdogo wangu, tuyamalize."

Ule ushahidi niliouahidi naomba uahirishwe, na kaka asiambiwe kwanza. Ningekupa kisingizio, Mheshimiwa, lakini vyote mko navyo ninyi. Mjumbe aje Ijumaa. Si hii, ile nyingine.