Mitaa Mitano ya Modeste

Modeste alikuwa na koti moja la kahawia, simu mbili ambazo moja haikuwaka, na kipaji cha kumtambua mtu anayehamia mjini kabla hajashusha mzigo. Mji wa Mbarara una madalali wengi wa nyumba, lakini wenzake walihitaji kuwa na nyumba za kuonyesha. Modeste hakuwa na udhaifu huo.

Jumatatu moja alisimama ng'ambo ya kliniki ya macho. Alipapenda mahali pale kwa sababu moja tu, nayo haimpi sifa: watu wanaotoka mle hawaoni vizuri.

Saa nne akatoka mama mrefu, mwembamba, jicho la kulia limefunikwa bandeji nyeupe, la kushoto limejaa ukungu. Mkono mmoja ulishika fimbo. Mwingine ulikumbatia furushi la kitenge, zito, lenye pembe nne, lililofungwa mafundo matatu. Modeste hakumtazama mama. Alitazama mafundo. Hakuna mtu anayefunga mihogo mafundo matatu.

Mtu mwingine angelinyakua furushi na kukimbia. Modeste hakuwa mwizi. Wezi hukimbia, na viatu vyake vilimbana.

"Jambo, mama. Unangoja mutu?"

"Minangoja mutoto wa kaka yangu, Déo. Alisema atakuya kunipokea. Simu yake hailii."

"Déo!" Modeste akapiga makofi. "Déo mrefu ama Déo mufupi?"

Mama akageuzia sikio upande wa sauti.

"Mufupi."

"Njo ule! Ni rafiki yangu kabisa. Amepata safari ya kazi, akaniambia, Modeste, mama yangu asiteseke."

"Mungu akubariki," mama akasema. "Basi unipeleke fasi ya kulala. Gari iliyotuleta imerudi kambini Nakivale, na munganga anataka kuniona kila asubui mupaka siku ya posho."

Jina lake lilikuwa Nabintu. Alitoka eneo la Rubondo, ndani ya kambi hiyo ya wakimbizi, ambako yeye na mumewe walipofika kutoka Kivu walipewa kiwanja. Mume alifariki mwaka jana, mahindi yakiwa bado shambani. Sasa jicho la pili nalo lilihitaji kupasuliwa, na safari za kwenda na kurudi zilikuwa zimemchosha.

"Nataka kuamia hapa muji," alisema. "Pale kati, karibu na munganga. Lakini mitaa ni mingi, sijue mutaa gani ni muzuri."

Kuna maneno ambayo yakimfikia dalali huwa kama kengele ya chakula. Modeste alimkalisha kwenye benchi la muuza maandazi, akamnunulia chai kwa pesa yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi ya dada yake, akaanza kumfundisha mji.

"Mama, mutaa ni kama bwana. Ukikosea, unalia miaka mingi. Kuna Kamukuzi, kule ba-bosi banakaa, kimya kabisa. Kuna Kakoba, banafunzi, muziki, biashara. Kuna Ruharo, ya watu wa sala. Kuna Katete, hewa safi. Kuna Nyamityobora, soko iko mulangoni. Zote tano niko na vyumba. Unachagua tu, unalipa miezi tatu mbele, mimi nakupatia funguo."

"Ni maneno mazuri," alisema Nabintu. "Lakini sisi hatuchague kwa maneno. Tulipopewa kiwanja Rubondo, bwana yangu alilala pale siku tatu chini ya shitingi ya plastiki, mbele ya kujenga. Akarudi akasema, siafu banapita hapa, tusogee hatua kumi. Tukasogea. Hatukuumwa hata siku moja. Mimi pia nitalala kila mutaa siku moja. Kisha nitakuambia."

Modeste alilitazama furushi. Akalipima kwa macho na kupata kilo tano hivi. Akapiga hesabu ya vyumba vitano vya kulala wageni katika mitaa mitano, akahisi jasho kwenye ukosi. Kisha akaitazama bandeji, akautazama ukungu, na wazo likamjia zuri kiasi kwamba alisimama.

Alikuwa na chumba kimoja: chake, katika mtaa wa Kisenyi. Kitanda, beseni, dirisha la mbao. Hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho mjini ambacho hakikuwa cha uongo, na hata hicho kilikuwa kinaning'inia. Mwenye nyumba, Bernardine, mzaliwa wa Uvira aliyeolewa Mbarara zamani, alikwisha kumwonya mara tatu.

"Nikisikia tena umeleta mutu kumudanganya mu kipango yangu, hapa kwa nyumba yangu," alikuwa amesema, akikohoa kikohozi chake cha tumbaku, "nitatosha godoro yako inje, na bata atalala juu yake."

Bata huyo alikuwepo kweli. Kila alasiri aliingia chumba chochote kilichokuwa wazi, akazunguka kama askari wa ukaguzi, akatoka.

Lakini Bernardine alikaa chumba cha nyuma, na kati yao kulikuwa na ukuta. Kwamba ukuta huo ulikuwa wa mbao, Modeste aliona ni jambo dogo.

Alasiri hiyo alimwita Kamugisha, mwendesha bodaboda, akamwahidi mgawo siku ya Jumamosi. Walimpakia mama katikati, furushi mapajani. Kutoka kliniki hadi Kisenyi ni dakika tano kwa miguu. Walizunguka dakika arobaini.

"Boss," Kamugisha akanong'ona, "hii mzunguko tumepita mara tatu."

"Endesha."

Mlango ukalia ng'wiii. Modeste akatangaza kwa sauti ya mchungaji:

"Mama, karibu Kamukuzi!"

Nabintu akasimama, akanusa. "Kuna mutu anapika chapati ya kitunguu."

"Mpishi wa bosi jirani."

Nyuma ya mbao mtu akakohoa.

"Na uyo?"

"Mulinzi wake. Hawezi kulala, analinda mingi."

Ndipo bata akaingia. Kwak. Akapita juu ya miguu ya mama, akakagua beseni, akatoka.

"Kamukuzi kuna bata," alisema Nabintu.

"Matajiri banapenda ndege."

Modeste akaenda kulala kwenye kibanda cha kutengeneza pikipiki, kati ya matairi, koti likiwa shuka. Alijiambia kwamba kila biashara ina gharama za mwanzo.

Jumanne ilikuwa zamu ya Kakoba. Alipaka mlango mafuta ya injini, akatandika shuka la maua aliloazima, akaweka simu dirishani ipige muziki wa vijana. Mama alikaa kitandani, akatoa sindano mbili za kufumia na uzi wa kijani, akaanza kufuma sweta. Vidole vyake havikuhitaji macho.

"Hii Kakoba ina kelele," alisema. "Kamukuzi ilikuwa ya baridi, hapa kuna joto. Unaona? Lazima mutu alale."

"Uko na akili, mama."

"Lakini chapati ni ya kitunguu tena."

"Banafunzi banapenda kitunguu."

Kwak.

"Na bata."

"Mama," alisema Modeste kwa uchovu, "Mbarara ni muji wa bata."

Jumatano, Ruharo, simu iliimba nyimbo za kwaya, na mama akaimba sauti ya pili. Alhamisi, Katete, Modeste alisimama nje ya dirisha akipepea kwa kipande cha boksi ili kuleta ile hewa safi, huku Kamugisha akimtazama kwa huruma. Nabintu alisifu kila mtaa kwa sifa zake. Ruharo, alisema, roho inatulia. Katete, mbavu zinafunguka. Modeste akaanza kujiuliza kwa nini yeye, aliyekaa humo miaka miwili, hakuwahi kufunguka hata ubavu mmoja.

Mafuta ya injini yalikuwa yameingia kwenye koti. Upande wa kushoto haukuwa tena wa kahawia. Shingo ilimuuma kwa sababu ya matairi. Lakini kila asubuhi, akimpeleka mama kliniki kwa njia ndefu, alimshikia furushi wakati akishuka, na kila asubuhi furushi lilikuwa zito vilevile. Uzito huo ulimponya.

Ijumaa, "Nyamityobora", mama alisema:

"Kesho usikuye kunichukua asubui. Kuna mama mumoja wa huu mutaa amesema atanisindikiza. Wewe kuya saa sita. Leta makaratasi. Nimeshachagua."

Modeste hakujiuliza ni mama gani wa Nyamityobora anayepatikana Kisenyi. Mtu aliyelala siku nne kwenye matairi hajiulizi mengi. Alikwenda kuchapisha mkataba kwenye kibanda cha fotokopi, akaupiga muhuri wa duara uliochongwa kwenye soli ya kandambili. Ulikuwa muhuri mzuri. Ulisema SERIKALI, bila kutaja ya wapi.

Jumamosi saa sita kamili aliingia uani, kofia kichwani, koti limefungwa vifungo vyote, mkataba mkononi. Akasimama.

Godoro lake lilikuwa nje, limekunjwa vizuri na kufungwa kamba. Kando yake beseni, na ndani ya beseni viatu, vyombo na ile simu isiyowaka. Juu ya godoro alikaa bata.

Mlangoni kulikuwa na kufuli mpya. Mbele yake, kwenye kigoda, Nabintu alikuwa akifuma sweta ya kijani ya shule. Bandeji haikuwepo. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kidogo, lina maji, na lilikuwa likimtazama Modeste kutoka viatuni hadi kichwani bila haraka yoyote.

"Njo weye," akasema. "Nilizania uko munene. Sauti yako ni ya mutu munene."

Bernardine akatokea nyuma ya mbao akikohoa.

"Mulinzi wa bosi," Nabintu akamtambulisha.

Modeste aliinua mkataba.

"Mama... ulisema umechagua mutaa."

"Nimechagua. Ile ya chapati ya kitunguu."

"Mara ngapi nilikukataza?" Bernardine akauliza.

"Tatu," Modeste akasema kwa sauti ndogo.

"Mara tatu. Na ya ine ukaita Kamukuzi! Siku ya pili, ulipotoka kwenda kunywa chai, niliingia kumuhurumia uyu mama. Nikamuuliza, yaya, dada yangu, unajua uko wapi? Akanijibu, niko fasi nilikuwa jana, bata ni ule ule. Tukacheka mupaka nikakosa pumzi. Anafagia, anasali pole pole, na ma-sweta yake, shule ya hapo barabarani banataka makumi mbili. Nani nitamuachia chumba, yeye ama weye?"

"Lakini mama!" Modeste akamgeukia Nabintu, na safari hii, kwa mara ya kwanza wiki nzima, alimaanisha alichosema. "Kama ulijua, juu ya nini ulinyamaza? Nililala mu matairi!"

"Mutoto wangu, Déo ni mrefu kama nguzo ya umeme," alisema Nabintu. "Nilikujua palepale kwa kliniki. Lakini gari ilikuwa imeenda, na mimi sina fasi ya kulala. Nikasema, uyu ni muongo, lakini si mutu wa kupiga watu. Na muongo pia anakuwa na fasi analala. Nikakufuata. Nilitaka kulala mutaa mumoja siku moja. Wewe ukanipatia siku tano. Nimesikia mvua yake, jirani zake, asubui yake. Hakuna mutu Mbarara amechagua chumba vizuri kama mimi. Aksanti."

Modeste alikaa kwenye godoro. Bata akakataa kusogea, wakagawana.

"Nionyeshe basi hiyo furushi," alisema hatimaye. "Niambie ni pesa ngapi. Nijue tu."

Nabintu hakuelewa. Kisha akaelewa. Akalichukua furushi, akalifungua fundo la kwanza, la pili, la tatu.

Ilikuwa redio. Redio kubwa ya zamani ya betri, kona moja imefungwa kwa waya.

"Ya bwana yangu. Alikuwa anaifungua saa kumi na mbili ya asubui, kila siku, hata huko porini tulipokimbia. Tangu afe haikusema tena. Fundi wa Bernardine ameitengeneza jana."

Akazungusha kitufe. Kukatoka mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamume akisoma bei ya maziwa katika soko la Bwizibwera kwa Kinyankore, lugha ya wenyeji. Nabintu hakujua Kinyankore. Aliinamisha kichwa, akaongeza sauti kidogo, kisha akaipunguza kidogo, mpaka ikafika mahali fulani alipopajua yeye, akatoa mkono. Bernardine hakukohoa. Hata Modeste alivua kofia, ingawa hakuna aliyemwambia.

Habari za maziwa zilipokwisha, alisimama na kubeba godoro kichwani. Lilimfunika macho na mabega. Akalipapasa beseni kwa mkono, akalipata.

"Kamugisha!"

Bodaboda ilikuwa ikisubiri mlangoni mwa ua, kwani ilikuwa Jumamosi, siku ya mgawo. Kamugisha alikuwa ameyasikia yote.

"Boss. Tunaenda wapi?"

"Kati ya muji," sauti ikasema kutoka ndani ya godoro. "Nitafutie mutaa. Yenye kimya. Ya bei kidogo."

"Hiyo najua, boss. Panda tu."

Kamugisha akawasha pikipiki. Alishika barabara kubwa, akauzunguka mzunguko mara tatu kama alivyofundishwa, akapanda kilima kidogo, akakishuka, akapita nyuma ya soko. Modeste, godoro bado limemfunika macho, aliyakumbatia mali yake yote, akahesabu kona, akapotea kwenye ya saba. Baada ya dakika arobaini pikipiki ilisimama.

"Tumefika, boss. Karibu Kamukuzi."

Modeste akavuta pumzi. Kulikuwa na harufu ya kitunguu. Mahali fulani karibu redio ilikuwa ikizungumza, na mtu akakohoa. Kisha kitu chenye mdomo mpana kikaja kukagua viatu vyake.